Mbasa mtamu, ugali safi, ila maji ya kunawa hakuna: uzoefu wangu kwenye mgahawa mmoja Mbeya mjini

Jamani naandika hii bado nina hasira na sijui zitaisha lini. Kuna mgahawa umefunguliwa hapa mjini, jina silitaji, ule wa vioo vikubwa na viti vya kuzama, kila mtu alikuwa ananiambia nenda kajaribu, wana mbasa fresh kutoka Kyela. Na mimi ukishanitajia mbasa umenimaliza. Shangazi yangu alikuwa kaja kutoka Tukuyu kwa ajili ya kliniki, nikasema leo hakuna kupika, shangazi twende ukale samaki. Ilikuwa ile miezi ya baridi, wa Mbeya mnaijua, mchana kweupe mtu bado kavaa sweta mbili.

Chakula kilikuja haraka, hapo nawapa haki yao. Ugali wa dona unafuka moshi, mbasa kipande kinene cha katikati, rosti ya nyanya imekaa vizuri, majani ya maboga yameungwa na karanga. Pembeni wameweka uma na kisu vimeviringishwa kwenye tishu. Basi, hakuna kingine. Shangazi akamwita yule dada kwa upole kabisa, "mwanangu, tuletee maji ya kunawa". Dada akamwangalia juu mpaka chini, akajibu "bibi hapa hatunawishi watu, tumia uma huo hapo", akageuka akaenda zake.

Tumia uma! Kwa ugali! Anaambiwa mama mtu mzima, kalima mahindi maisha yake yote, kanilea mimi na wanawe na watoto wa majirani kwa ugali huohuo, leo anafundishwa namna ya kuula na binti ambaye hata shikamoo hakutoa. Huku kwetu mgeni unamnawisha kwanza, na mkubwa ndo anaanza, maongezi mengine baadaye.

Nikanyanyuka kutafuta sinki. Lipo, huko nyuma karibu na choo, zuri, lina na kioo. Nafungua koki, inakoroma tu inatoa hewa. Nikauliza, nikaambiwa maji yamekatika tangu asubuhi. Sasa kama maji yamekatika si mngesema hivyo? Mtu angeelewa, maji kukatika mbona tumezoea, kila mtu nyumbani ana ndoo yake na kopo. Kumwambia mzee "hatunawishi watu" ni kitu kingine kabisa. Narudi mezani naukuta ugali umeshaota ngozi juu, kwa baridi ile haukusubiri mtu.

Na mniruhusu niseme kitu kuhusu huu uma. Ugali unamega, unalikanda tonge kiganjani mpaka linakuwa laini, unabonyeza na dole gumba panatokea kishimo, hapo ndo mchuzi unapokaa. Vidole vinakwambia kama bado ni wa moto kabla hujaunguza ulimi. Uma utabonyeza wapi? Na mbasa ndo kabisa, kwa asiyemjua ni samaki wa Ziwa Nyasa, mvua zikianza anapanda mitoni kwenda kutaga, nyama yake tamu ila ina miiba myembamba kama nywele imejificha humohumo ndani ya nyama. Huioni. Unaipapasa na vidole viwili, ukiigusa unaivuta inatoka, unaendelea. Ukimchoma mbasa na uma unaivunja ile miiba vipande vipande unaimeza, halafu twende wote hospitali ya Rufaa usiku.

Mimi sina ugomvi na uma, kila chakula na namna yake. Chipsi mayai tunakula kwa vijiti nchi nzima na hakuna anayelalamika, wali huku kwetu wengi tunakula kwa kijiko, pwani kwenye shughuli watu wanazunguka sinia la pilau wanapiga mkono na inapendeza sana. Hata hao Wazungu, uma umeenea kwao karne ya 16 na 17 ukitokea Italia, kuna Mwingereza anaitwa Thomas Coryat alirudi nao kwao akaandika habari zake mwaka 1611, wenzake wakamcheka. Kwa hiyo kula na mkono ni ushamba wa nani hapa?

Nikamwita meneja. Kijana mstaarabu kidogo kuliko yule dada, lakini jibu lake ndo likanimaliza, eti wateja wao wengi ni watu wa maofisini na wageni, hawapendi kuona mabeseni yanapita pita. Mabeseni! Mbeya hii, mkoa wa mahindi, beseni ni aibu! Mwisho nikanunua chupa kubwa ya maji ya kunywa, nikamnawisha shangazi mwenyewe pale kwenye chungu cha maua mlangoni, watu wanatuangalia, na maji ya baridi kama barafu yale, vidole vya mtu mwenye baridi yabisi. Na chupa kwenye bili ipo.

Nilitaka nitoe nyota mbili. Halafu nakumbuka yule mbasa, wallahi alikuwa mtamu, ngozi imekauka nje, ndani anachambuka, harufu ya ndimu kwa mbali, shangazi alikula mpaka kichwa akafyonza na macho, na pamoja na yote ugali haukuwa na bonge hata moja. Kwa chakula peke yake ningesema nendeni, tena nendeni na njaa. Nikaanza kuandika nne. Lakini nikifika kwenye ile "tumia uma huo hapo" mkono unakataa. Beseni na jagi la plastiki vimejaa pale Mwanjelwa, bei ni ya soda chache, maji unachemsha kidogo unachanganya yawe vuguvugu. Wameshindwa hilo wameweza kununua viti vya kuzama.

Moja. Na hiyo moja ni ya mpishi. Mpishi kama unasoma hapa, siku ukifungua sehemu yako hata kama ni kibanda cha mabati pale Uyole tuambie, shangazi ameshaniuliza mara mbili yule samaki kapikwa na nani.