StreetComplete: mwezi mzima nakagua lami nikiwa kwenye bajaji

Naendesha bajaji, kijiwe changu kiko Sinza, Dar es Salaam. Abiria wakikosekana nafungua programu hii ya bure ya Android. Inauliza maswali kuhusu mtaa uliopo, na majibu yanaingia kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri. Bando likikata, majibu yanasubiri kwenye simu.

Swali ninalolipenda: barabara imetandikwa nini? Unaletewa picha, unagusa moja. Nilidhani ni lami au vumbi, basi. Kumbe Barabara ya Morogoro peke yake ina mbili: njia ya mabasi ya mwendokasi zege, pembeni lami. Halafu pavingi, zile tofali za kutandika chini! Siku tatu niliziweka kwenye kundi la mawe ya kuchonga. Kosa langu, sikutazama picha vizuri. Tofali za kiwandani zina kundi lake. Nikarudi kurekebisha mtaa kwa mtaa, kwa mafuta yangu.

Na ujue kundi linataja kilichotandikwa, si ubovu. Ubovu una swali lake. Tuliporuka shimo moja, abiria wangu, mama muuza samaki, aliguna: “Hii nayo lami, mwanangu?” Kwenye ramani ndiyo, mama.

Nyota tano. Ila tembea na chaja.