Kuiona Lamu usiku: mashuani ama juu ya paa?

Wageni wangu wakija huniuliza mji tuuone usiku kutokea wapi, na mi jibu langu ni mashua, papo hapo. Mkishasogea kidogo kuelekea kisiwa cha Manda unageuka unaona mji wote umejipanga ukingoni, taa zinachezacheza majini, majumba ya matumbawe na chokaa yametulia tu, halafu nahodha akishusha tanga mnasikia adhana ya isha inatoka misikiti tofauti kwa pamoja, wallahi mwili unasisimka. Ila angalieni maji, yakipwa sana mtangoja, na msimu wa kusi upepo si mchezo, watoto wavalisheni laifujaketi.

Paa nalo lina raha yake, na ukiwa na mwenyeji hulipi kitu. Kutoka juu unaiona Ngome, ile iliyomalizwa 1821, na pale Mkunguni, uwanja ulio mbele yake, watu wamekaa wanapiga soga, vichochoro huvioni manake ni vyembamba mno, unasikia punda tu. Picha za simu hutoka vizuri huku sababu hutikisiki. Lakini mwenye mzee anayeumwa magoti ampeleke baharini, nahodha atamshika mkono pale gatini, ngazi za nyumba zetu zimesimama sana.