TAHADHARI: Masanduku ya sungura "ya mbambakofi kutoka Lamu" ni chipubodi

Assalam aleikum wafugaji wenzangu wa Malindi, Watamu, Lamu na kwengineko. Kuna mtu anauza masanduku ya kutia mchanga ili sungura achimbe humo, kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook. Anasema ni mbambakofi tupu, ile mbao ngumu, kazi ya mafundi wa Lamu. Si mbambakofi, ni chipubodi, yaani vijipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Nimempa shilingi 6,500 na nimezika sungura. Nawaomba msome kabla hamjatuma pesa.

Nilikuwa nafuga wawili hapa Muyeye, Pamba na Simsim. Pamba ni jike, na mwenye jike anajua: kuchimba ni maumbile yake, ndivyo anavyotengeneza tundu la kuzalia, hata kama hajawahi kuona dume. Alishachimba chini ya msingi wa bafu la nje mpaka sakafu ikaanza kupasuka. Kumfungia asichimbe ni kumtesa, basi nikaamua kumtafutia sanduku la mchanga. Tena joto la Februari na Machi mnalijua. Sungura hana jasho la kumpoza kama sisi, na joto likipita nyuzi 30 huanza kutaabika. Akiwa na mchanga wenye unyevu atajilaza humo apate ahueni.

Yule bwana alijibu upesi, kwa adabu. "Hii mbambakofi hii, dada. Wajukuu wa sungura zako watachimba humo humo." Picha zake zilikuwa nzuri kweli, pembe zimeumana kama meno, nyuzi za mbao zinaonekana. Akataka 4,000 kwanza, na 2,500 kabla basi halijanikabidhi mzigo. Jina lililotokea kwenye M-Pesa halikuwa lile alilojiita. Nilipouliza akasema ni la mkewe, nami nikaridhika na jibu hilo. Najuta mpaka leo.

Sanduku lilifika limeviringishwa gunia, zito, linang'aa vanishi. Uzito huo ndio ulionitia imani, lakini jueni chipubodi nayo ni nzito. Chini halikuwa na tundu hata moja la kutolea maji, mume wangu akachukua drili atoboe. Mbao ya kweli ukiitoboa hutoa maranda yaliyojikunja. Hii ilitoa unga, na vijipande vidogo vilivyoshikana kwa gundi, mfano wa ukoko wa ugali uliokauka sufuriani. Akaniambia, "Hii si mbao." Nikamjibu labda ni kitako tu, pande zitakuwa mbao. Nilikuwa nimeshalipa, na moyo haukutaka kukubali.

Siku ya tano baada ya kutia mchanga wenye maji, kitako kilivimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Pembe zikaachana. Yale "meno" ya kwenye picha hayakuwepo, ni misumari ya kawaida, na kwa hewa yetu hii ya chumvi ilikuwa imeshashika kutu. Miwili ilichomoza ndani, pale pale sungura anapopitisha miguu akichimba.

Ubaya zaidi ulikuwa kwenye ukingo wa juu. Hapo palikuwa na vipande vya mbao halisi, lakini vanishi ilipobanduka tuliona rangi ya kijani. Fundi seremala jirani yetu aliitambua mara moja: ni mabaki ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, kama ile ya nguzo mpya za stima. Dawa hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki. Imewekwa ili mdudu asile, sasa mtu anaipeleka kwenye kinywa cha mnyama ambaye kazi yake ni kutafuna!

Meno ya sungura hukua maisha yake yote, kwa hivyo ukingo wowote utakaompa ataung'ata. Na hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite au kimkwame. Jumapili asubuhi Pamba hakugusa majani. Amejikunyata pembeni, anasaga meno, na bandani hakuna hata punje moja ya mavi. Tafadhali lishikeni hili hata kama hamtanunua sanduku maishani: sungura akipita nusu siku hali wala hanyi, hiyo ni dharura, mpelekeni siku hiyo hiyo. Mimi nilingoja mpaka Jumatatu. Daktari wa mifugo alimtia maji chini ya ngozi, akahangaika naye sana. Jumanne alfajiri akafa. Alipompasua alinionyesha tumboni vijipande vya mbao na maganda ya vanishi. Hakusema kwa hakika kwamba ni sumu; alisema tumbo lilisimama. Simsim hana tabia ya kuchimba, na yuko salama, alhamdulillahi.

Nilimtumia muuzaji picha zote. Kwanza akasema tumelianika juani. Kisha akasema sungura alikuja na ugonjwa wake. Kisha akanizuia. Baada ya wiki mbili picha zile zile zikarudi kwa jina jengine, bei 7,000. Binamu yangu wa Langoni, Lamu, alipita karakana moja baada ya nyengine na picha hizo. Hakuna fundi aliyemjua, na waliudhika jina la mji wao kufanyiwa biashara ya namna hii.

Mkitaka kununua kwa mtu yeyote, ombeni video ya kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata, bila vanishi. Chipubodi haifichiki hapo. Na pesa itoke mkiwa mmeshaliona na kulinusa.

Lakini kwa kweli bora mtengenezewe na fundi wa mtaani mkisimama naye. Mimi nimemtengenezea Simsim kwa 3,800, huenda naye akajifunza. Sentimita 60 kwa 45, kimo 40, mbao ambazo hazikutiwa dawa wala kupakwa chochote ndani. Skrubu zisizoshika kutu, zimeingizwa kutoka nje ili ncha isitokeze. Matundu ya maji chini, na sanduku limekalia matofali manne, maana likigusa ardhi mchwa hawatachelewa. Ukingo wa juu ni kipande cha kufungua, kikitafunwa kinabadilishwa chenyewe. Mchanga ni wa mto, umeoshwa. Wa pwani una chumvi, na ule wa ujenzi usiuguse kama umeingiana na saruji au chokaa. Ambaye hana uwezo sasa hivi, beseni pana la plastiki lenye matundu linatosha, mradi amwangalie asilitafune.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili na ya kulipwa hasara iliyomfika. Nakusanya ushahidi nipeleke polisi. Aliyeuziwa sanduku kama hili aniandikie inbox, na asifute ujumbe wake wa M-Pesa. Kitako changu kilichovimba nimekihifadhi ndani ya gunia lake lile lile, pamoja na kile kipande cha kijani chenye alama za meno ya Pamba.