TAHADHARI: Feni "mpya" za hita na AC za Hilux zinazouzwa hapa Tanga

Ndugu zangu wa Tanga, hasa nyie wenye pikapu za mzigo, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna duka la spea hapa mjini, na fundi umeme anayekaa kibarazani pake, wanauza feni za hita zilizochoka kwa bei ya mpya. Jina la duka silitaji, sitaki kesi. Namna wanavyofanya ndiyo nitaisema yote.

Najua atatokea wa kucheka: hita ya nini na joto hili la Tanga? Jamani, feni ni moja. Inayosukuma hewa ya moto ya hita ndiyo hiyo hiyo inayosukuma baridi ya AC. Halafu mimi napeleka nazi Lushoto, narudi na karoti na kabichi. Mwezi wa saba ukipita Soni alfajiri, kioo cha mbele kinajaa mvuke kwa ndani, huoni kitu, na kutoka Mombo kupanda kule ni kona tupu, mwamba huku, korongo kule. Bila feni unashika usukani kwa mkono mmoja, mwingine unapangusa kioo kwa kanga.

Yangu ilianza kuzingua kidogo kidogo. Inafanya, inakata, tairi likiingia kwenye shimo inarudi. Siku nyingine kimya nusu saa nzima, halafu inawaka yenyewe kama mtu aliyemaliza kununa. Ikikata, inakata spidi zote nne kwa pamoja. Hilo likumbukeni. Safari moja ikagoma kabisa huko juu na ukungu umeshuka mpaka barabarani. Mwana wa Tanga niliyezoea waja leo waondoka leo, nikalala Soni na nazi zangu.

Niliporudi nikaelekezwa kwenye hilo duka. Fundi hakushika taa ya kupimia wala mita. Akatoa droo ya dashibodi upande wa abiria, akachomoa feni, akaigusisha kwenye betri kama sekunde mbili. Ikazunguka vizuri kwa macho yangu haya. Akatikisa kichwa: "Imekwisha hii mama, sikia inavyolia." Mimi sikusikia chochote. Lakini ukishaambiwa na mtu mwenye bisibisi mkononi unaanza kudhani masikio yako ndiyo mabovu.

Mwenye duka akatoa boksi limeandikwa Made in Japan. Laki na themanini, na ufundi elfu thelathini. Feni yangu ya zamani ikasukumwa chini ya meza kwa mguu: "Chuma chakavu hiyo, tutakutupia." Risiti nikapewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, chini pameandikwa mali ikishauzwa hairudi.

Ilifanya kazi siku tisa. Siku ya kumi, nipo Korogwe, ikakata. Nikairudisha, nikaambiwa umeme wa gari langu ndio umeiunguza, na dawa yake ni kununua nyingine. Laki na themanini tena! Nikasema ahsante, nikaondoka.

Shemeji yangu ni fundi majokofu, anakaa Makorora. Magari si kazi yake, ila umeme ni umeme. Alikuja na balbu ya taa ya indiketa aliyoiunga waya mbili, basi. Nikamuuliza mita iko wapi, akasema kwa ugonjwa wa kuja na kuondoka mita inaweza kukudanganya. Mita inavuta umeme kidogo mno, kwa hiyo hata waya ulioshikilia kwa uzi mmoja utakuonyesha volti 12 safi. Balbu inabeba mzigo, kiungo kibovu kikizidiwa inafifia.

Akasubiri mpaka feni ikate yenyewe. Hapo ndipo akaichomeka balbu kwenye plagi ya feni, akigusa waya zote mbili za plagi, si mmoja na bodi. Alinieleza kwamba kwenye Toyota nyingi za zamani swichi ya feni inakata upande wa athi, yaani waya wa hasi unaorudi kwenye bodi ya gari, kwa hiyo ukipima waya mmoja na bodi utaona umeme upo, utailaumu feni bure. Balbu ikawaka kwa kufifia, kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Maana yake hitilafu iko kwenye waya, si kwenye feni. Akaanza kufuata waya kurudi nyuma huku anazitikisa mojamoja.

Tukaikuta kwenye soketi ya rezista, kile kidude kinachopunguza spidi. Kimekaa ndani ya njia ya upepo makusudi, ili feni ikipoze. Plastiki ya soketi imegeuka rangi ya sukari iliyoungua, na pini moja ukiigusa kwa kucha inacheza. Ndiyo maana kila shimo la barabara lilikuwa linanitengenezea feni! Na ndiyo maana ile "mpya" ilifanya kazi siku tisa: wakati wa kufunga, fundi aliisukumasukuma ile soketi, pini ikashika kwa muda.

Rezista yenyewe ilikuwa nzima. Ingekufa yenyewe, kwa kawaida spidi za chini ndizo zingepotea, ya mwisho ikabaki, kwa sababu ya mwisho haipitii kwenye rezista. Yangu ilikuwa inakata zote, maana pini iliyolegea ndiyo ya pamoja kwa spidi zote, na hilo lingemshtua fundi yeyote anayeuliza swali moja kabla ya kufungua. Soketi ya kukata kwenye gari bovu pamoja na kipande cha waya, elfu kumi na tano.

Nilidhani yameisha. Kumbe bado. Umeme sasa unafika vizuri, balbu inawaka kweupe, lakini feni ya laki na themanini mara inazunguka mara inasimama. Shemeji akaigonga tumbo kwa mpini wa bisibisi, ikaamka. Akasema hayo ni makaa, yale wengine mnaita brashi, yamekwisha. Tukaifungua.

Nje nyeusi inang'aa, rangi ya kupuliza. Aliyepuliza alikuwa na haraka, rangi imeingia mpaka kwenye shafti na juu ya vichwa vya skrubu, na chini ya rangi skrubu zina mikwaruzo ya bisibisi ya zamani. Ndani ya kile kikapu cha mbawa, kwenye pembe ambazo brashi ya kufagilia haifiki, limeganda vumbi jekundu. Vumbi jekundu, kwenye kitu kilichotoka boksi la Japani! Makaa yamebaki mafupi kama ncha ya penseli ya mtoto wa darasa la kwanza. Tumesugua makaa ya grenda kwenye msasa mpaka yakaingia, sasa inazunguka, ila siiamini kwenda nayo Lushoto.

Kwa hiyo feni yangu ya kwanza ilikuwa nzima tangu mwanzo. Nikarudi dukani kuidai. Ile yangu ina alama: miaka miwili nyuma mbawa tatu zilipasuka, nikaziunga mwenyewe kwa araldaiti, imekauka rangi ya maziwa. Naingia, rafu ya pili, boksi wazi, feni imepakwa rangi nyeusi, na araldaiti yangu inanitazama. Nikamwambia mwenye duka hii ni yangu. Akacheka: "Mama, feni zote zinafanana." Nikatoka kumfuata shemeji awe shahidi. Tuliporudi, kama saa moja baadaye, boksi halipo. Imeuzwa.

Na wewe ukinunua, dai risiti ya EFD, ni haki yako na ni wajibu wa muuzaji. Ukiwa na karatasi ya daftari tu ni vigumu kuthibitisha, hata ukienda Tume ya Ushindani, FCC, kulalamika kwamba umeuziwa kuukuu kama mpya. Kabla ya kulipa, tazama shafti na vichwa vya skrubu, ingiza kidole ndani ya kikapu. Jaribio la sekunde mbili kwenye betri usilikubali, mwambie iachwe izunguke dakika ishirini huku mnaongea, uigonge gonge. Na feni yako ya zamani ondoka nayo, hata kama umeambiwa ni chuma chakavu.

Nawe uliyenunua feni ya Hilux wiki hizi mbili, ifungue utazame. Ukikuta mbawa tatu zimeungwa kwa gundi ya rangi ya maziwa, hiyo ni yangu, na ni nzima. Kama bado inakukatia, tazama soketi ya rezista.