Lamu nikiwa na mama: cha kuona kwanza, cha kuona baadaye na cha kupita tu

Wageni wengi wakishuka gatini Lamu huelekezwa Ngomeni kwanza. Iko karibu, ni kubwa, na hakuna awezaye kupotea njia. Mimi nasema anza na ile nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho, huko mtaa wa Mkomani. Ni ndogo, imejibanza ndani ya vichochoro, na pengine utaulizia mara mbili kabla ya kuifikia. Lakini ukitoka humo, mji mzima unaanza kukuelewesha mambo. Ukianza na Ngome utaona kuta nene, utapiga picha, kisha utazunguka mitaani ukiona kuta nyingine nyembamba.

Nilikwenda na mama yangu mzazi, na hilo lina uzito katika tathmini hii. Mama ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Huwezi kumbabaisha kwa mahamri wala kwa baraza. Halafu magoti yake hayapendi ngazi, kwa hiyo kila kituo tumekipima kwa macho na kwa miguu.

Safari yenyewe: basi kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha unavuka kwa boti. Kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi lililofungiwa chini, maana kuna vizuizi vya ukaguzi na mtashushwa. Wenye nafasi wanaruka hadi uwanja wa ndege ulioko Manda, kisiwa cha jirani, na kuvuka kutoka huko. Kwa mzee, la kuangalia ni maji. Yakiwa yamejaa, boti inakuwa karibu usawa wa gati na mtu anapanda bila tabu. Yakitoka, unapanda vidato vyenye utelezi huku boti inacheza chini yako. Mama alishikwa mikono miwili na vijana wa boti, wakimwita "mama, taratibu, mama," na akafika salama, akiwa amenuna.

Sasa ile nyumba. Ni ya karne ya 18, na ukiingia unaelewa kwa nini nyumba za Amu (ndivyo wenyewe wanavyouita mji wa Lamu) zinaonekana kavu kwa nje. Kila kitu kimepelekwa ndani. Mlangoni kuna daka lenye viti vya kujengea, hapo ndipo mgeni asiye wa nyumbani huishia. Ukivuka mlango unakuta tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na njia inapinda makusudi ili mpita njia asione wanawake wa nyumba hata mlango ukiachwa wazi. Kisha kiwanda, uwanja wa ndani usio na paa, unaoleta hewa na mwanga. Vyumba vinafuatana kutoka hapo kuelekea nyuma, kumbi ziitwazo misana kwanza, halafu chumba kiitwacho ndani, na kila unapoingia zaidi ndivyo faragha inavyoongezeka na sakafu inavyopanda kidogo.

Vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake mita 3 hivi. Mtunzaji wa nyumba alinyoosha kidole juu kutuonyesha sababu: boriti. Dari zinabebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa mti uliopatikana. Mtu mwenye mali aliongeza urefu wa chumba, idadi ya vyumba na nakshi za chokaa, lakini upana hakuwa na la kufanya.

Kisha kuna zidaka. Ukuta mzima wa ndani umejaa visanduku vya chokaa, safu juu ya safu, na ukikaribia unaona kwamba si vya ukubwa mmoja. Vya chini ni vipana, vya juu vinapungua, na kwa mbali macho yako yanadanganyika unadhani ukuta ni mrefu kuliko ulivyo. Humo ndimo zilimowekwa sahani na bakuli za Uchina, na misahafu. Mama alipitisha kidole kwenye ukingo wa kimoja (mtunzaji alimwacha, sijui kama angeniacha mimi), akasema fundi wa siku hizi angekuambia upake rangi tu yaishe.

Msalani kuna birika la maji, na ndani ya mabirika ya namna hiyo walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mama akauliza, "Na mbu wakiisha, samaki wale nini?" Mtunzaji akacheka. "Mbu wa Amu hawaishi, mama." Usiku ule tulithibitisha. Chukueni chandarua.

Kituo hiki nakipa alama zote. Nusu saa inatosha kukizunguka, lakini usiharakishe. Mtunzaji ukimsalimia vizuri na kumwuliza swali la maana, atakueleza yasiyoandikwa ukutani. Malipo ya vituo vya makumbusho ni kwa simu, na mwananchi analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo kitambulisho tena.

Tukatoka, tukatembea. Hapa ndipo nilipoona faida ya mpangilio wangu. Daka lile lile tulilofundishwa dakika chache zilizopita likawa linarudi kila mtaa, safari hii likiwa na watu: wazee wamekaa na kahawa, mtoto amelala, paka wanne. Tulipita chini ya wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, ili wanawake wa jamaa moja watembeleane bila kushuka barabarani. Vichochoro ni vya watu na punda tu. Punda akija na mzigo wa mawe, wewe ndiwe unayebana ukutani, yeye habani. Kwingine kisiwani bodaboda zimeingia, na kelele zake mtazisikia, ila humu ndani hazipiti.

Nyumba kadhaa nzuri zimenunuliwa na watu wa mbali na zimekarabatiwa vizuri sana. Tangu mwaka 2001 mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na hilo limeongeza bei za nyumba za mawe. Sina ugomvi na anayeokoa nyumba isianguke. Ila mgeni ajue kwamba nyumba nyingi nzuri kuliko ile ya makumbusho ataishia kuziona kupitia upenyo wa mlango.

Kuhusu waongozaji wageni: chukua mmoja, kwa saa chache za siku ya kwanza, na hakikisha ana kitambulisho cha kazi. Wa kwanza tuliyempata hakuwa nacho. Alituona na mabegi, akatushika, na akaanza kutueleza mji kwa Kiingereza. Mama akamjibu kwa Kiswahili. Akaendelea kwa Kiingereza. Mama akaniuliza kwa sauti, "Huyu anamwambia nani?" Tuliachana naye kwa heshima na kwa noti moja zaidi ya aliyostahili. Wa pili alikuwa mtu mzima wa mtaa wa Langoni, alimwamkia mama kabla ya kutaja bei, akatembea kwa mwendo wa mama, na kila baada ya kona mbili alitafuta baraza la kumpumzisha. Huyo ndiye wa kulipwa. Tena jambo la Kiingereza si la yule kijana peke yake. Kituo kimoja tulichoingia, ambacho sitakitaja, kilikuwa na maelezo mengi ya ukutani ambayo ilinibidi nimtafsirie mama, kuhusu vyombo ambavyo mama anavijua kwa majina.

Makumbusho ya Lamu yapo ufukoni, katika jumba la mwisho wa karne ya 19 lenye veranda, ambalo maofisa wa Kiingereza walilitumia kama makazi hadi uhuru. Hazina yake ni siwa, baragumu kubwa za heshima. Ya Pate, kisiwa cha jirani, ni ya pembe za ndovu, urefu zaidi ya mita 2, imechongwa nakshi mwili mzima. Ya Lamu ni ya shaba. Zilipulizwa kwenye harusi na shughuli za watu wakubwa, na kukopeshwa au kunyimwa siwa kulikuwa kukuambia wewe ni nani mjini. Simama mbele yake ukae kimya kidogo. Vinginevyo tazama kiti cha enzi, na mifano ya vyombo vya baharini, hasa mtepe, ulioshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari hata mmoja. Ghorofani kuna ngazi. Mama alizipanda kwa ajili ya upepo wa veranda, akasema upepo ule peke yake una thamani ya tiketi.

Ngome tuliiacha kwa siku ya pili, asubuhi, kabla jua halijachoma. Hapa Wamombasa tuingie tukiinamisha vichwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 akina Mazrui waliotawala Mombasa pamoja na watu wa Pate walikuja kuipiga Lamu, wakapigwa wao ufukoni Shela. Waamu, wakihofia tutarudi, wakaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na Ngome ikajengwa na kumalizika mwaka 1821. "Kumbe sisi ndio tuliowajengesha," mama akasema, kwa fahari fulani. Baadaye ikawa jela, kuanzia 1910 hadi 1984. Ndani leo ni ua mpana wenye maonyesho na shughuli za mji, na ukipanda juu ya kuta unaona mapaa, soko, na bahari nyuma yake. Ni nzuri, lakini maonyesho yenyewe si mengi. Kilicho bora zaidi kiko nje ya lango na hakina tiketi: uwanja wa Mkunguni, wazee wakicheza bao na kubishana siasa. Mama alikaa pale saa nzima akinywa kahawa chungu na kashata, nami nikapanda kutani peke yangu.

Posta ya Wajerumani ni ya kupita tu. Waliifungua mwaka 1888 walipokuwa wameiweka Witu chini ya ulinzi wao, wakaifunga 1891. Kama unapenda stempu na barua za kale, ingia. Mama alisubiri nje.

Ukinipa mchana mmoja tu Lamu, ningeupeleka kwa mafundi. Karakana za kuchonga ziko wazi kwa njia, hakuna kiingilio. Fundi tuliyemkuta alikuwa ameketi chini, ubao wa mbambakofi umebanwa kwa nyayo zake. Mistari ilikuwa imeshachorwa kwa penseli. Aliegemeza patasi, akaigonga kwa kipande cha mti mara tatu nyepesi, akaigeuza kidogo, tatu tena, jani likaanza kujitokeza. Akapuliza vumbi, akapapasa kwa kidole gumba, akarudi pale pale kuondoa unywele mmoja wa mti. Ulikuwa mfaa wa mlango, lile gongo la katikati linalopigiliwa kwenye ubao mmoja wa mlango. Mama akauliza bei. "Huu una mwenyewe, mama." Vya kuuza vilikuwa rafuni: masanduku, fremu za vioo, mbao za bao. Nilinunua sanduku, na sikupunguziwa sana, na sawa tu.

Kofia za kushonwa kwa mkono ni hadithi hiyo hiyo. Zile za vitundu vidogo vidogo zinachukua wiki na wiki, wanaume wanazishona huku wakipiga soga barazani, na bei itakushtua mpaka uigeuze uone upande wa ndani ulivyo safi sawasawa na wa nje. Wafua fedha nao hupachika vipande vya vyungu na sahani za kale kwenye pete, pambo ambalo sijaliona kwetu. Madukani kwenye njia kuu kuwe na tahadhari: shanga na vinyago vingi vimetoka bara, unaweza kuvikuta Mombasa kwa bei nafuu.

Wakati wa kwenda? Inategemea unataka nini. Tamasha la utamaduni, ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba, lina mbio za punda, mashindano ya mashua, bao na hina, na limepangwa kwa ajili ya watazamaji. Maulidi ya mfungo sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ni jambo jingine. Yanazunguka msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, watu wanakuja hadi kutoka Zanzibar na Ngazija, na kuna ngoma za goma na kirumbizi, na maandamano ya zefe, lakini wenyewe hawachezi kwa ajili yako. Vaa stara, uliza kabla ya kunyanyua simu, na utafute chumba mapema sana, kwani bei zinapanda na hata jamaa wa jamaa hana nafasi. Sisi tulikwenda siku za kawaida, na kwa magoti ya mama hiyo ilikuwa bora.

Takwa, magofu yaliyoko Manda, mama alikataa, kwa hiyo nilikwenda peke yangu na nahodha wa mashua. Mji ule ulistawi karne ya 15 hadi ya 17, kisha ukahamwa, na watu wa Shela wanaohesabu asili yao huko bado wanarudi kuzuru na kuomba mvua. Msikiti wa Ijumaa una nguzo juu ya ukuta wa kibla, na mibuyu imeota katikati ya nyumba za watu. Nahodha hatakubali kuondoka saa unayotaka wewe: mkono wa bahari unaopita mikokoni hukauka maji yakitoka, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, hukauka haraka. Mwulize jana yake, si asubuhi ile. Patana bei ya kwenda, kungoja na kurudi kwa pamoja. Na chukua maji ya kunywa na kofia, maana huko hakuna duka, na kivuli ni cha mibuyu tu.