Disney College Program ya Florida: nyota 3 na nusu, ila usiende kichwa kichwa

Nianze na jibu kwa wavivu wa kusoma. Hii ni kazi. Kazi ya kulipwa kwa saa, ya kusimama kutwa, kwenye jua la Florida, alafu unapewa na nyumba ya kupanga karibu na kazini. Ukienda unajua ivo utaenjoi sana tu, ila ukienda unadhani ni likizo ya kulipwa, wiki ya tatu uko kwenye simu na mama unalia.

Programu yenyewe ni ya siku nyingi, ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 80, inachukua wanafunzi wa vyuo vya hapa Marekani wanaenda kupiga kazi Walt Disney World, lile eneo la parki za burudani la Disney, semista moja na wengine wanaongeza. Na usiipige picha kama sehemu moja yenye bembea, kuna parki nne za burudani, Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom, kuna parki mbili za maji na mahoteli hadi unachoka kuyahesabu, eneo lote ni kama kilomita za mraba 100 na wafanyakazi wanapita 70,000. Kwaiyo ukisikia mtu anasema "nafanya Disney" haijakwambia kitu, inabidi umuulize unafanya wapi na unafanya nini, maana apo ndo maisha yenu yanatofautiana.

Na hilo ndo la kwanza la kutegemea: huchagui vizuri kama unavodhani. Unaaplai mtandaoni, unasema unapenda kazi gani, unapita kwenye maswali na intavyuu, alafu wao ndo wanakwambia umepata nini. Kuna msosi wa haraka, kuna maduka, kuna kuendesha mabembea na matreni, kuna uokoaji kwenye maji, usafi, wapo wachache wanaokaa ndani ya mavazi ya vikaragosi (usikomae sana na hii, urefu wako tu unaweza kukukatia shauri). Kila mtu anataka mabembea. Wengi wanaishia kwenye chipsi na ufagio, na mimi ni wa ufagio.

Mama yangu alivosikia nimepangiwa usafi alinyamaza kidogo alafu akasema "we mtoto, kufagia si ungefagia hapa hapa nyumbani?" Ila niwaambie ukweli, wa usafi ana raha moja ambayo wengine hawana, anatembea. Wa kwenye chipsi amefungwa na mashine ya mafuta, wa kwenye bembea anasema sentensi ile ile mpaka anaota nayo, we mwenye ufagio na kile kibeleshi cha mpini mrefu unazunguka eneo lako, unapiga stori na wageni, unawaelekeza choo, ukiwa na kipaji mvua ikishakata unachovya ufagio kwenye maji unachora Mickey kwenye sakafu na watoto wanakuzunguka wanashangilia. Kuna swali utaulizwa mpaka ulikariri, "parade ya saa tisa inaanza saa ngapi?" Usicheke. Anachotaka kujua ni itafika hapa aliposimama saa ngapi, umjibu kwa adabu.

Upande wa pili wa ufagio ni matapishi. Mtoto kala aiskrimu, kapanda kitu kinazunguka, kashuka, kamwaga kila kitu katikati ya njia, na umati unapita. Utaratibu ni kwamba unasimama pale pale unaziba watu wasikanyage, unamwaga ule unga wa kunyonya maji, unasubiri ugande, unakusanya, unapuliza dawa, unafuta, na muda wote huo uso wako lazima uwe wa mtu mwenye furaha maana mama wa mtoto kakusimamia pembeni anaona aibu kuliko we. Siku za mwanzo nilikuwa nazuia pumzi. Baadae unazoea mpaka unatoka hapo unaenda kula. Kitu kimoja utashukuru ni kwamba mle ndani hawauzi bigijii kabisa, kwaiyo kukwangua bazoka chini ya mabenchi sio sehemu kubwa ya kazi kama inavokuwa kwingine. Na Magic Kingdom kuna mabomba ya chini kwa chini yanafyonza taka kwa upepo kuzipeleka nje, pamoja na yale mahandaki ambayo wafanyakazi wanapita ili wageni wasione mfanyakazi aliyevaa kama cowboy anakatiza kwenye sehemu ya mambo ya roketi. Hivi vitu kuviona kwa macho yako ni sehemu ya malipo aisee, silaghai.

Sasa hela, maana najua hapa ndo mlikuwa mnasubiri. Tufanye mfano tu, viwango vinabadilika kila mwaka we soma ofa yako. Chukua dola 18 kwa saa, masaa 35 kwa wiki, hiyo ni 630. Social Security na Medicare (makato ya pensheni na matibabu ya uzeeni) zinachukua kama 48, kodi ya federal, yaani ya serikali kuu, inachukua kitu kwenye 35 mpaka 40, uzuri Florida haina kodi ya mshahara ya jimbo. Alafu kodi ya nyumba inakatwa juu kwa juu kwenye mshahara wa wiki, weka 220 kwenye mfano wetu. Unabaki na kama 320. Toa msosi, toa simu, toa sabuni, toa Uber ya siku uliyochelewa basi. Umeona? Hela ya kujikimu ipo, ya kutuma nyumbani kidogo ipo ukijibana, ila ada ya semista haipo humo. Na masaa hayalingani, kuna wiki za msimu wa watu unapiga zaidi ya 40 mpaka unaomba poo, kuna wiki za baridi parki imepoa, ratiba inakuja nyembamba na kodi ya nyumba haijui kama umepata masaa machache. Pia fika na akiba, mshahara wa kwanza haukusubiri mlangoni.

Nyumba zinaitwa Flamingo Crossings Village, zimeanza kutumika na programu 2021 baada ya ile mitaa ya zamani kama Vista Way kuachwa, na kwa kweli ni nzuri, mpya, zina fenicha, zina bwawa, ukizipiga picha ukatuma kwenye grupu la ukoo wanadhani umeula. Ila mnalala watu. Apatimenti moja mnaweza kuwa wengi na chumba mkakishea wawili, mmoja anaingia shifti alfajiri mwenzie anarudi saa nane usiku ananukia mafuta ya chipsi, na kuna mmoja kila nyumba haoshi vyombo, hiyo ni sheria ya dunia. Wekeni utaratibu wa jikoni siku ya kwanza. Ukitaka kukaanga samaki, au kupika dagaa, subiri wenzio wawe kazini alafu fungua madirisha yote. Mabasi ya kukupeleka kazini yapo, ila toka mapema kuliko unavofikiri, sehemu ni kubwa na kuchelewa wanahesabu, ukijaza wanakurudisha nyumbani na nyumba unaiacha hapo hapo. Mwenye gari lake anaishi tofauti kabisa.

Hali ya hewa nayo msiidharau eti sababu mmezaliwa Dar au Mombasa. Joto la Julai kule ni lile la kuloana, alafu mchana karibu kila siku ya kiangazi inapiga radi na mvua ya dakika arobaini, mabembea ya nje yanasimama na wageni wote wanajazana kwako wanauliza yatafunguliwa lini kama vile we ndo unashika radi. Kuanzia Juni mpaka Novemba ni msimu wa vimbunga, Ian mwaka 2022 na Milton 2024 parki zilifungwa kabisa. Na sikukuu sahau, Krismasi na mwaka mpya ndo kumejaa kuliko siku zote, Idd ukiitaka omba mapema sana na usiwe na uhakika.

Raha zipo na sio za kuungaunga. Unaingia parki bure siku zako za off, na hapo ndo wengi tunakula faida yetu, unatoka kazini saa kumi unavua nguo ya kazi (wanakupa wao na kufua wanafua wao) unaenda kuangalia fataki kama mgeni. Kuna punguzo dukani. Kuna marafiki wa kila jimbo. Na kuna Animal Kingdom, ambapo ukiwa Mswahili lazima upende au ukasirike, mi vyote viwili. Wamejenga mji unaitwa Harambe, sura yake wameitoa Lamu, kuta zimechubuka kwa makusudi, mabango ya Kiswahili, baa inaitwa Dawa, kibanda cha aiskrimu kinaitwa Tamu Tamu, safari inaitwa Kilimanjaro. Mara ya kwanza nilisimama nasoma mabango moja moja kama mtu aliyepotea. Wamefanya kazi nzuri kwenye majengo, sio ule utani wa simba na ngoma niliotegemea. Kinachochekesha ni kwamba ukibandikwa beji kifuani yenye jina na unakotoka, basi kila mgeni wa pili aliyewahi kwenda Serengeti anakusimulia safari yake yote na we una pipa la taka mkononi.

Shule sasa, na hapa wazazi wasome. Disney wanataka mwenye ruhusa ya kufanya kazi isiyo na masharti, yaani raia, green card na wa namna hiyo. Kama uko kwenye F-1, ile viza ya mwanafunzi, usijaze chochote kabla hujakaa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, kibali chako kina masharti na kosa la kazi linaweza kukuharibia stetasi ya uhamiaji. Kama unakula mkopo wa federal na ukaacha masomo chini ya nusu ya mzigo, ile miezi 6 ya kupumua kabla ya kuanza kulipa inaanza kuhesabika, wengi hii inawashtukiza. Skolashipu nazo nyingine zinakatika. Uliza chuo kama wanatoa kredi kwa hii programu, vingine vinatoa na vingine wanakuangalia tu, na pata jibu kwa maandishi, sio la dada wa mapokezi. Mi nilichukua masomo mawili mtandaoni ili nibaki nusu mzigo na nakwambia kuandika insha ukiwa umetoka kufunga parki usiku ni mateso.

Kwenye kazi za baadae sijui wengine, ila wanaokuajiri wakiona jina lile kwenye CV wanauliza, na we unakuwa na stori za kweli za kutuliza kastoma mwenye hasira. Ila usidhani ukifagia vizuri unapandishwa ofisini. Zile intanshipu za ofisini za uhandisi na masoko ni mlango mwingine, unaaplai kivyake, kuwa ndani kunakusaidia kujua watu tu.

Kuna wanaouliza kuhusu parki zingine kama Cedar Point ya Ohio na zile za msimu. Tofauti kubwa ya kuijua ni overtime: sheria ya federal inaziachia parki zisizofungua zaidi ya miezi 7 kwa mwaka, hazilazimiki kulipa mara moja na nusu ya kiwango chako cha saa ukipita masaa 40 kwa wiki. Disney inafungua mwaka mzima kwaiyo msamaha huo hauihusu. Muulize mwajiri kabla hujasaini, sio kosa kuuliza.

Na mlioko nyumbani Bongo na Kenya, hii College Program sio ya kwenu, ni ya wanafunzi wa vyuo vya huku. Yenu ni ile ya viza ya J-1 ya kazi za kiangazi (kwa Watanzania viza hizo zilisimamishwa tangu Januari 2026), mwisho miezi 4, lazima uwe mwanafunzi wa chuo na inapitia shirika lililosajiliwa na serikali ya Marekani. Orodha ya hayo mashirika iko wazi kwenye tovuti ya serikali yenyewe, jina lisipokuwemo funga simu. Kuna mtu anazunguka mitaani anauza "nafasi za Disney" kwa milioni kadhaa na anataka hela kwa namba yake binafsi, ndugu yangu mmoja alikuwa ameshauza pikipiki ndo tukamuwahi.

Wa kwenda, viatu. Vyeusi, visivyoteleza, pea mbili ubadilishane siku hadi siku, na soksi nene nyingi. Nunua Walmart kabla hujafika, usisubiri duka la karibu na parki.