Uzoefu wangu: boksi la risasi za .22 limetoka 525 hadi 325

Nilizimwaga risasi zote kwenye sinia, nikazipanga kumi kumi juu ya meza ya chakula, nikahesabu. Mia tatu na ishirini na tano. Namba hiyo imeandikwa kwenye boksi, upande wa mbele, kona ya chini, kwa tarakimu ndogo kuliko jina la bidhaa. Lakini rangi ni ile ile, picha ni ile ile, na ukilishika dukani Jumamosi asubuhi ukiwa na haraka ya kuwahi uwanjani, huwezi kulitofautisha na lile nililokuwa nikinunua siku zote, lile la 525.

Niseme kwanza mimi ni mnunuzi wa aina gani. Nina bunduki ya .22, yaani ya risasi ndogo za kipenyo cha kama inchi 0.22, nina cheti chake, na Jumamosi mbili kwa mwezi natoka Nairobi kwenda uwanjani kupiga shabaha ya mita 50. Siwindi, uwindaji hapa Kenya ulipigwa marufuku tangu 1977. Risasi zangu zote huishia kwenye karatasi ya shabaha, kwa hiyo kwangu risasi ni kama mafuta ya gari kwa mtu wa teksi: zikipungua, kazi inapungua.

Sasa bei. Februari 2020 nililipa shilingi 21,000 kwa boksi la 525, yaani shilingi 40 kwa risasi moja. Mwezi uliopita muuzaji alinipokea kwa tabasamu: "Dada, safari hii imeshuka. Ni elfu kumi na tisa mia tano." Nikamshukuru kwa dhati, nikalipa. Nilipofika nyumbani ndipo nikagawanya. Shilingi 19,500 kwa risasi 325 ni shilingi 60 kila moja. Bei imepanda kwa nusu nzima, na stakabadhi mkononi inaonyesha nimelipa pungufu. Hilo ndilo lililoniuma. Kama angeniambia zimepanda ningeguna, nikatoa pesa, nikaondoka najua nilichonunua.

Wenzangu wasiolenga shabaha wataelewa kwa mfano wa mazoezi. Shindano la bunduki la mita 50 kwa mikao mitatu, kama lilivyochezwa Olimpiki ya Paris 2024, lina risasi 60: ishirini ukiwa umepiga goti, ishirini umelala kifudifudi, ishirini umesimama. Duara la kumi pale katikati lina kipenyo cha milimita 10.4, halizidi kifungo cha shati. Hulipati kwa bahati. Unalipata kwa kurudia. Boksi la zamani lilinipa mizunguko minane ya risasi 60 na zikabaki 45 za kujipimia. Hili jipya linanipa mitano, zinabaki 25. Mzunguko mmoja uliokuwa ukinigharimu shilingi 2,400 sasa ni 3,600, kabla ya ada ya uwanja na nauli.

Sisi wa Nairobi tumeshazoea mche wa sabuni uliokonda na pakiti inayojaa hewa. Lakini sabuni, ukikasirika unavuka barabara hadi duka la pili. Risasi haziendi hivyo. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, unanunua kwa muuzaji mwenye leseni, ukiwa na cheti chako, na kila ununuzi unaandikwa. Siwezi kuagiza mtandaoni, siwezi kumtuma mdogo wangu, siwezi kujaza kabati nikiogopa bei ya kesho. Na sitaki iwe rahisi kuliko hivyo. Silaha ni silaha. Ninachosema ni kwamba mnunuzi aliyebanwa na sheria kwa sababu nzuri anastahili kuambiwa hesabu waziwazi, maana hana pengine pa kwenda.

Wala ganda la .22 huwezi kulijaza baruti tena. Risasi ya bastola ya 9mm ina kiwashio chake kidogo katikati ya kitako, kipande kinachoweza kutolewa na kuwekwa kingine. Ya .22 imepakwa kemikali ya kuwashia ndani ya ukingo wa ganda lenyewe. Nyundo inaubonda ukingo, baruti inawaka, na ganda limekwisha kazi. Kila mlio ni ganda la kutupa na shilingi 60.

Nilimrudia muuzaji, bila ugomvi, nikamuuliza. Alinijibu kwa dola. Ana haki kwa sehemu. Mwanzoni mwa 2020 dola ilikuwa karibu shilingi 100. Januari 2024 ilifika kama 160. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 16, ambayo hupanda pamoja na bei yenyewe, na tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zilizokuwa zikipita Bahari ya Shamu zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Nikamwambia, sawa kaka, lakini kufikia katikati ya 2024 dola ilikuwa imerudi karibu 130. Mbona zile risasi mia mbili hazikurudi ndani ya boksi? Akasema boksi linakuja hivyo kutoka kiwandani. Hapo namwamini. Huko Marekani, zinakotoka nyingi za aina hii, namba zenyewe zinasimulia: zilikuwapo boksi za 555, 550 na 525, zikaja za 333 na 325, hata za 222. Uhaba mkubwa ulioanza mwisho wa 2012, kisha ule wa 2020, uliwafundisha wateja kuchukua chochote kilichopo rafuni, na nadhani hesabu ndogo zilipata nafasi humo humo.

Hizi namba za ajabu zina usumbufu wake. Magazini ya bunduki yangu inabeba risasi kumi. 325 huacha tano. Boksi la kawaida lina 50, na boksi kumi zilifanya 500, hesabu safi ambayo ilikuwa rahisi kuioanisha na kitabu changu cha matumizi.

Lakini hasara ambayo sikuitarajia ni ya loti. Kila toleo la kiwanda lina namba yake, na mlengaji yeyote wa .22 atakwambia kwamba bunduki ina loti inayoipenda na loti inayoikataa. Ukibadilisha loti unaweza kulazimika kurekebisha kilengeo upya, na marekebisho yanakula risasi. Zamani nilirekebisha mara moja, nikafanya kazi mizunguko minane. Sasa nafanya hivyo kila baada ya mizunguko mitano, na mimi hutumia kama 20 kila mara. Ukiziondoa hizo, boksi la 325 ni boksi la 305. Hakuna bei inayoandika hilo.

Ubora wenyewe? Wastani. Risasi zimemwagwa ndani bila trei, kwa hiyo ncha za kadhaa zilikuwa zimechubuka. Ncha hiyo laini ya gramu 2.6 haihimili kugongana njia nzima. Katika 325, sita hazikuwaka mara ya kwanza. Mzee anayesimamia uwanja wetu ametufundisha vizuri: unabaki umeelekeza mtutu kwenye shabaha, unangoja nusu dakika nzima, ndipo unafungua. Ukiizungusha risasi ili nyundo igonge sehemu nyingine ya ukingo, mara nyingi huwaka, kwa sababu kemikali haikuenea sawasawa. Nne ziliwaka hivyo. Mbili nilimkabidhi yeye. Kwa mazoezi ya kulala kifudifudi zinatosha. Kwa shindano nisingezipeleka.

Nimejaribu pia boksi za risasi 50 za kasi ya kawaida, zilizopangwa kwenye trei, ambazo duka hilo huziuza shilingi 3,300. Hizo ni 66 kila moja. Miaka ile pengo kati ya bora kama hizi na zile za boksi kubwa lilikuwa kubwa, ukanunua za boksi kubwa bila kufikiri. Leo ni shilingi sita, na hazijanikatalia hata moja katika mia mbili nilizopiga. Muhimu zaidi, ukimwomba muuzaji vizuri anakutafutia boksi nne au tano za loti moja.

Kwa hiyo boksi la 325 silipendekezi kwa bei hii. Anayeanza na anayetaka kuzoea kifyatulio tu, alinunue, lakini agawanye bei kwa idadi akiwa bado kaunta. Nilimwomba muuzaji abandike kikaratasi cha bei ya risasi moja chini ya kila boksi. Alisema atamuuliza mwenye duka. Nilipopita Jumamosi iliyopita, vikaratasi vilikuwa bado. Nikachukua boksi nne za 50, loti moja, akaziandika.